Achari ya Maembe

Toka Kavimvira mpaka Kalundu miembe ni mingi. Msimu wake ukifika, upepo wa milimani huangusha maembe usiku, na asubuhi watoto na mbuzi huyagombania. Kwa majuma machache huwa mengi hata sokoni hayapati mnunuzi. Mengine huoza chini, na inzi hujaa. Mama mwenye akili hangoji hayo. Huchuma mengine yangali mabichi na makali, akatengeneza achari.

Ufundi huu ulifika pwani ya Afrika ya Mashariki kutoka Bara Hindi, na mwembe wenyewe asili yake ni huko. Pilipili ilitoka mbali zaidi, Amerika. Wareno ndio walioileta Afrika.

Menya maembe mabichi, uyakate vipande vyembamba. Changanya na chumvi, funika, acha mpaka kesho. Utakuta maji mengi yametoka. Chumvi imefanya kazi ile ambayo jua huifanya juu ya ndagala mchangani. Mwaga maji hayo. Kisha chemsha siki katika chungu cha udongo, pamoja na vitunguu, tangawizi na pilipili iliyotwangwa. Tia vipande, vichemke kidogo, halafu vijaze katika chupa ya kioo iliyochemshwa. Siki ifunike vipande vyote. Usitumie chombo cha shaba, maana siki hula shaba, na shaba hiyo utailamba wewe.

Kwa nini achari haiozi upesi? Chakula huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hivyo hupenda maji na utamu. Katika siki kali na chumvi nyingi vingi haviwezi kustawi.

Na kama nyumbani hakuna siki? Maji ya ndimu hufaa, lakini achari yake iliwe kwa siku chache tu. Tembo la mchikichi likiachwa siku nyingi huwa siki pia, ila ukali wake haulingani kila mara, basi hiyo nayo isiwekwe sana.

Wengi wetu hupenda zaidi pilipili isiyo na siki: nyanya, vitunguu na pilipili, vyote vimekaangwa kwa mawese. Kwa bugali na ndagala, hakuna kitoweo kitamu kuliko hicho! Lakini msidanganywe na mafuta yaliyo juu yake. Mafuta huzuia hewa, hayaui vijidudu. Kuna kijidudu kimoja cha hatari sana ambacho hustawi hasa pasipo hewa, na sumu yake yaweza kuua mtu bila kutoa harufu wala ladha yo yote. Kwa hiyo pilipili ya mawese hupikwa leo, na huliwa leo.

Chupa ya achari nayo ikitoa povu, au kifuniko chake kikivimba, usionje hata kidogo. Ifukie shimoni, mbali na kuku.