Mkopo wa nyumba ukikulemea, wahi benki kabla ya dalali

SEHEMU YA PILI

Juma lililopita tulieleza jinsi hatimiliki inavyowekwa rehani na haki ambazo benki hupata ukishatia sahihi. Leo tumwangalie mkopaji aliyeanza kuchelewesha malipo kwa sababu ameachishwa kazi, biashara imezorota au maradhi yamemaliza akiba. Anayo njia ambayo Wakenya wengi huikumbuka dalali akiwa langoni: kuiomba benki impangie mkopo upya.

Sheria ya Ardhi ya 2012 hairuhusu benki kuuza nyumba kwa pupa. Kwa mujibu wa kifungu cha 90, ukikosa kulipa kwa mwezi mmoja ndipo benki inaweza kukupa notisi ya maandishi, itaje kiasi unachodaiwa na ikupe muda usiopungua miezi mitatu kulipa. Usipolipa, kifungu cha 96 kinataka notisi nyingine ya siku 40, ya kuuza. Dalali naye hutoa yake ya siku 45. Zikifuatana zote, na ukihesabu mwezi ule wa kwanza, una zaidi ya nusu mwaka.

Muda huo wengi huupoteza kwa kunyamaza. Simu hawapokei, barua hawafungui. Huku nyuma malimbikizo na adhabu vinazidi kupanda, na zikipita siku 90 bila malipo, kanuni za Benki Kuu huitaka benki iuhesabu mkopo huo kuwa mbovu na itenge fedha za kufidia hasara. Mwombe afisa wa mikopo kabla ya hapo, angali ana nafasi ya kukusikiliza.

Nenda na barua. Eleza kilichotokea na lini, kipato chako cha sasa, na kiasi unachoweza kulipa kila mwezi bila kukosa. Ambatisha hati za mshahara, taarifa za akaunti, na barua ya kuachishwa kazi au ya hospitali. Kisha taja unachotaka: muda uongezwe, ulipe riba pekee kwa miezi kadhaa, riba ipunguzwe, au malimbikizo yaunganishwe na deni kuu.

Piga hesabu kabla ya kukubali. Tuseme umebakisha deni la Sh3 milioni kwa riba ya asilimia 13 na miaka 10 ya kulipa. Kila mwezi unatoa takriban Sh44,800. Ukiongezewa hadi miaka 15, malipo yatashuka hadi karibu Sh38,000, lakini jumla utakayolipa itapanda kwa takriban Sh1.46 milioni. Nafuu ya leo ina gharama yake. Ikubali ikiwa itakuokolea nyumba, na kipato kikirejea, lipa zaidi ili upunguze muda.

Makubaliano yawe kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya afisa haisimamishi notisi. Uliza kama adhabu zitaondolewa na kama dalali ataarifiwa asite. Wakati unasubiri jibu, endelea kulipa unachoweza. Omba pia taarifa kamili ya deni uikague: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakuwa mbovu, riba inayoongezwa haiwezi kuzidi deni kuu lililokuwapo wakati huo.

Usitegemee mahakama ikutendee kazi uliyopaswa kuifanya mapema. Majaji wetu wamesema mara nyingi kwamba ubishi kuhusu kiasi cha deni peke yake hautoshi kuzuia mnada. Benki nayo hailazimiki kukubali ombi lako. Ikikataa, iombe idhini utafute mnunuzi mwenyewe, kwani bei ya mnada kwa kawaida huwa chini ya ile ya soko.

Juma lijalo tutaeleza wajibu wa benki kutafuta bei nzuri siku ya mnada, na unachoweza kufanya nyumba yako ikiuzwa kwa bei ya kutupa.