Matairi ya saluni yenye kasi: Kagua haya kabla ya kulipa

Ukisimama katika kituo chochote cha mafuta kati ya Naivasha na Mau Summit, hutakosa kuona Toyota Mark X au Subaru ikijazwa petroli. Magari haya yaliyotumika Japani yamependwa sana na vijana wa kaunti yetu, kwa kuwa injini zake zina nguvu na bei yake si ya matajiri pekee. Shida huanza matairi yanapoisha. Mwenye gari huulizia bei ya matairi manne ya saizi aliyoikuta, hushtuka, kisha huanza kutafuta njia ya mkato.

Njia hiyo aghalabu humpeleka kando ya barabara, kwa muuzaji wa matairi ya mtumba yenye majina makubwa. Makala haya yanaeleza kwa nini tairi jipya la bei ya wastani, la saizi sahihi, ni bora kuliko tairi kuukuu la kampuni maarufu, na jinsi ya kulipata bila kufilisika.

Kumbuka kwamba kila tairi hugusa lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Nguvu zote za injini, usukani na breki hupitia viganja hivyo vinne. Breki husimamisha gurudumu, lakini kinachosimamisha gari ni tairi. Anayeteremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa mvua ikinyesha, huku lori likiwa mbele yake, anajua hilo si jambo la vitabuni.

Anza kwa kusoma ubavu wa tairi. Tuseme umeandikwa 215/60R16 95H. 215 ni upana kwa milimita. 60 inamaanisha kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana huo. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 95 ni alama ya uzito, yaani tairi moja linaweza kubeba kilo 690. H ni alama ya kasi, kilomita 210 kwa saa. V ni 240 na W ni 270. Kwa kuwa kasi ya juu zaidi inayoruhusiwa kwa gari la kibinafsi nchini ni kilomita 110 kwa saa, huna sababu ya kulipia herufi kubwa kuliko ile aliyopendekeza mtengenezaji wa gari. Hata hivyo, usishuke chini ya pendekezo lake. Herufi hiyo pia huonyesha jinsi tairi linavyostahimili joto, na alama ya uzito haina mjadala kabisa.

Hapa ndipo pesa nyingi zinapoweza kuokolewa. Baadhi ya Mark X za kizazi cha pili zilitoka kiwandani na rimu za inchi 18 zenye matairi ya 235/45, na nyingine zikatoka na rimu za inchi 16 zenye 215/60. Ukipiga hesabu, kipenyo cha gurudumu zima ni karibu milimita 669 kwa la kwanza na 664 kwa la pili. Tofauti haifiki asilimia moja, kwa hivyo kipimo cha kasi kwenye dashibodi hakitakudanganya. Kinachobadilika ni ubavu: milimita 106 dhidi ya 129. Ubavu mnene hupokea pigo la shimo kabla halijafika kwenye rimu, na matairi ya inchi 16 kwa kawaida ni ya bei nafuu na hupatikana kwa urahisi. Kwa mtu anayeishi Njoro au Kuresoi na kumaliza safari yake kwenye barabara ya changarawe, kuuza rimu za 18 na kununua za 16 ni uamuzi wa busara kuliko kukopa pesa za kulisha rimu za urembo. Hakikisha tu kwamba fundi amejaribisha rimu hiyo kwanza, kwa sababu magari yenye breki kubwa hayakubali rimu ndogo.

Sasa turudi kwa mtumba. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeweka matairi kuukuu ya magari madogo miongoni mwa bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa nchini. Kwa hivyo lile unalouziwa kando ya barabara huenda limeng'olewa kwenye gari lililobomolewa au lililopata ajali, na hakuna awezaye kukuambia lilipigwa wapi. Nyuzi za ndani zikikatika, ubavu unaweza kuonekana mzima kwa miezi kadhaa kabla ya kuvimba na kupasuka. Hatari zaidi ni tairi la kuchongwa, yaani kipara kilichokatwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Mifereji hiyo huonekana mirefu kwa sababu imechimbwa kwenye mpira unaolinda nyuzi. Hilo usilinunue hata likiwa la bei ya soda.

Umri nao una maana. Tafuta herufi DOT ubavuni. Mwisho wa mfululizo huo kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa stoo. Kampuni kama Michelin hushauri tairi likitimiza miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama mifereji ingali mirefu. Dukani, omba uonyeshwe tarakimu hizo kabla tairi halijafungwa. Tarakimu zikiwa upande wa pili, ligeuze.

Wenye magari yaliyoteremshwa Mombasa hivi karibuni wana jambo jingine la kuangalia. Baadhi huja na matairi ya theluji ya Japani, yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni au yenye mchoro wa mlima na chembe ya theluji. Mpira wake ni laini ili ushike barafu. Kwenye lami yetu yenye joto huisha haraka na gari huyumba kwenye kona. Hiyo si zawadi, hata muuzaji akisisitiza kwamba yana mifereji kama mapya.

Je, lipi la kuchukua kati ya mapya? Si lazima jina kubwa, wala si lazima muundo wa michezo. Matairi ya michezo hutumia mpira laini unaoshika vizuri lakini huisha upesi. Kwa matumizi ya kazi, shule na safari za ushago, chukua la kawaida la barabarani kutoka kwa kampuni ambayo muuzaji anaweza kukuonyesha inavyoshughulikia dai la kasoro. Piga hesabu kwa kilomita, usiangalie bei pekee. Kwa mfano tu, tairi la Sh5,000 linalodumu kilomita 10,000 linakugharimu senti 50 kwa kilomita. La Sh11,000 linalodumu kilomita 40,000 linakugharimu chini ya senti 28.

Na kama pesa zinatosha mawili pekee? Wengi huyafunga mbele. Ushauri wa watengenezaji wa matairi ni kwamba mapya yafungwe nyuma, liwe gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele au ya nyuma. Tairi la mbele likiteleza kwenye maji, dereva huhisi usukani na anaweza kupunguza mwendo. La nyuma likiteleza, gari huzunguka lenyewe kabla hujajua kilichotokea. Hilo halimaanishi yanayobaki mbele yawe vipara. Ndani ya mifereji kuna vijivimbe vidogo kwenye kina cha milimita 1.6, na mpira ukilingana navyo tairi limekwisha. Kwa mvua zetu, anza kuweka akiba likifika milimita 3.

Subaru zinazosukumwa na magurudumu yote manne hazina nafuu hiyo. Matairi yakitofautiana sana kwa uchakavu, huzunguka kwa mwendo usiolingana, na mitambo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika hadi iharibike. Kwa gari la aina hiyo, ni heri kusubiri mwezi mmoja ununue manne ya aina moja.

Kabla ya kuyaacha yale ya zamani kwa fundi, yatazame. Yakiwa yameliwa upande wa ndani tu, alaimenti imekosea. Yakiliwa kingo zote mbili, yalikosa upepo. Yakiliwa katikati, upepo ulizidi. Mabonde mabonde huashiria shoki zilizokufa. Usipotengeneza chanzo, mapya yatafuata njia hiyo hiyo.

Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko katika nguzo ya mlango wa dereva. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka: 220 kPa ni karibu PSI 32. Pima asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi, na usisahau spea.

Dai risiti yenye saizi, jina la tairi na tarakimu za DOT. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakupa haki ya kulalamika ukiuziwa bidhaa isiyolingana na maelezo, na biashara ya haki ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti chini ya Katiba. Peleka risiti hiyo kwa afisa wa biashara katika kaunti ndogo yako. Matairi yaliyokwisha yasichomwe wala kutupwa nyuma ya nyumba, kwa kuwa maji ya mvua hutuama ndani yake na mbu huzaana humo. Muulize aliyekuuzia kama huyapokea.