Hifadhi ya Mtandaoni Ikijaa: Namna ya Kupata Nafasi bila Kupoteza Kumbukumbu za Mradi

Kazi ya maendeleo parokiani huacha kumbukumbu nyingi. Kuna mihtasari ya vikao, stakabadhi za saruji na mabati, orodha za wanufaika, barua za wafadhili, na picha za kisima tangu siku ya kwanza ya kuchimba hadi maji yalipotoka. Zamani vitu hivi vilikaa katika majalada ndani ya kabati la ofisi. Siku hizi sehemu kubwa inakaa katika akaunti ya barua pepe ya katibu au mweka hazina, yaani katika hifadhi ya mtandaoni aliyoipata bure siku alipofungua akaunti hiyo.

Hifadhi hiyo ina kipimo chake. Makala hii inaeleza kinachotokea inapojaa, vitu gani huijaza, na namna ya kupata nafasi tena bila kufuta ushahidi wa kazi iliyofanyika. Tutatumia mfano wa akaunti ya Google, kwa kuwa watu wengi wenye simu za Android wanayo tayari. Wanaotumia hifadhi nyingine watakuta kipimo ni tofauti, kwa mfano iCloud na OneDrive hutoa gigabaiti 5 bila malipo, lakini kanuni za usafi ni zilezile.

Akaunti ikijaa, nini hutokea?

Akaunti binafsi ya Google hupewa gigabaiti 15 bila malipo. Kiasi hicho si cha barua peke yake. Ni chungu kimoja kinachogawanywa kati ya barua za Gmail, mafaili ya Drive na picha za Google Photos. Zamani picha zilizopunguzwa ukubwa hazikuhesabiwa, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha na video mpya inayopakiwa inahesabiwa. Nakala za akiba za WhatsApp kutoka simu za Android nazo hazikuhesabiwa kwa miaka mingi, hadi utaratibu ulipobadilishwa kati ya mwisho wa mwaka 2023 na mwaka 2024. Ndiyo maana mtu ambaye hakuwahi kuona onyo lolote anashangaa kuambiwa kwamba nafasi imekwisha.

Nafasi ikiisha, picha mpya hazihifadhiwi tena na mafaili mapya hayaingii. Zito zaidi ni kwamba Gmail inaweza kuacha kupokea na kutuma barua, na barua aliyoandika mtu mwingine ikarudi kwake. Tuchukue mfano. Mfadhili anaomba ufafanuzi wa hesabu za awamu ya kwanza kabla ya kutoa fedha za awamu ya pili. Barua yake inarudi. Yeye anadhani kamati imenyamaza, na kamati inadhani mfadhili amenyamaza. Hapo hakuna aliyeiba wala aliyezembea kwa makusudi, lakini mabati hayanunuliwi na masika yanakaribia.

Vitu vilivyomo havifutwi papo hapo. Bado mwenye akaunti anaweza kuvisoma na kuvipakua. Hata hivyo, masharti ya Google yanasema kwamba akaunti iliyozidi kipimo kwa miaka 2 inaweza kufutiwa vilivyomo. Vilevile akaunti binafsi ambayo haijatumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa yote, utaratibu ulioanza kutekelezwa Desemba 2023. Jambo hili linazigusa hasa kamati zilizobadilisha katibu na kuiacha akaunti ya zamani bila mtu wa kuifungua.

Nini kinakula nafasi?

Wengi wakiona onyo huanza kufuta barua moja moja. Kazi hiyo inachosha na matunda yake ni madogo. Barua 1,000 za maneno matupu zinaweza kuchukua nafasi ndogo kuliko video moja ya dakika moja. Picha ya simu ya kawaida huwa na megabaiti 3 hadi 5. Dakika moja ya video nzuri inaweza kufika megabaiti 100 au zaidi. Kwa hesabu hiyo, video ya dakika 10 ya harambee inakaribia gigabaiti 1, ambayo ni nafasi ya picha zipatazo 250 za megabaiti 4.

Kwa hiyo anayetaka nafasi aanze na vitu vikubwa vichache, si vidogo vingi. Video, viambatisho vizito vya barua, na mafaili yaliyohifadhiwa mara mbili au tatu ndivyo vya kutazamwa kwanza.

Kabla ya kufuta

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hatua ya kwanza ni kugawa vitu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vile ambavyo kamati inawajibika kuvitunza: stakabadhi, mikataba, taarifa za fedha, mihtasari, barua za maafikiano na picha chache zinazoonyesha kila hatua ya mradi. Mikataba mingi ya ufadhili hutaja muda wa kutunza nyaraka baada ya mradi kufungwa, hivyo isomwe kwanza.

Fungu la pili ni vya mwenye akaunti binafsi: picha za familia, barua zake na mambo yake. Hivi ni vyake, na kamati haina ruhusa ya kuvigusa.

Fungu la tatu ni vile ambavyo havina kazi tena: picha zilizotoka na ukungu, video ileile iliyotumwa mara nne, matangazo ya biashara, na picha za skrini zilizokwisha matumizi yake. Humu pia zinaingia taarifa za watu ambazo hatuzihitaji tena, kama vile picha za vitambulisho vya wanufaika wa mradi uliofungwa na kukaguliwa, ikiwa mkataba hautaki zitunzwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinakataza kukaa na taarifa za mtu kupita muda wa haja yake.

Fungu la kwanza linakiliwe katika diski mbili za nje, moja ikae ofisini na nyingine mahali pengine palipokubaliwa na kamati. Flashi peke yake haitoshi, kwa kuwa hupotea kirahisi na hushika virusi. Nakala ikishaingia, ifunguliwe na kusomwa mbele ya mtu wa pili. Mara nyingi faili huonekana lipo kwa jina, kumbe halifunguki. Baada ya hapo ndipo kufuta kunaweza kuanza.

Hatua za kupata nafasi

1. Tazama hesabu. Fungua one.google.com/storage katika kompyuta au simu. Utaona ni kiasi gani kimechukuliwa na Gmail, Drive na Photos. Andika tarakimu hizo ili baadaye uone tofauti.

2. Anza na video. Katika Google Photos tafuta video ndefu. Ile ambayo imekwisha nakiliwa katika diski zote mbili, au haina kazi, ifute. Kwa picha zijazo, katika mipangilio chagua kiwango kinachookoa nafasi badala ya ubora halisi. Kiwango hicho hupunguza picha zinazozidi megapikseli 16, na ubora unaobaki unatosha kwa taarifa ya mradi na kwa kuchapisha jarida.

3. Tafuta barua nzito. Katika sehemu ya kutafutia ya Gmail andika has:attachment larger:10M kisha bonyeza. Zitatokea barua zote zenye viambatisho na uzito unaozidi megabaiti 10. Ukiongeza older_than:2y utapata zile zilizopita miaka 2 tu. Kiambatisho chenye maana kipakuliwe na kutunzwa kwanza, ndipo barua ifutwe.

4. Panga mafaili ya Drive kwa ukubwa. Katika kompyuta fungua drive.google.com/drive/quota. Orodha itaanza na faili kubwa kuliko yote. Kumbuka kwamba faili ulilogawiwa na mwenzako halili nafasi yako, linahesabiwa kwa mwenye nalo. Lakini mwenye nalo akilifuta kabisa, wote mnalikosa. Kwa sababu hiyo asifute faili la pamoja kabla ya kuwauliza wenzake.

5. Punguza nakala ya WhatsApp. Vikundi vya jumuiya na kwaya hukusanya video nyingi za salamu na nyimbo. Katika mipangilio ya WhatsApp ipo sehemu ya kusimamia hifadhi, inayoonyesha vikundi vilivyolimbikiza vitu vizito. Aidha, katika sehemu ya nakala ya akiba unaweza kuamua video zisijumuishwe. Nakala itakayofuata itakuwa nyepesi.

6. Mwaga Tupio. Kitu kilichofutwa huenda kwanza Tupio, na katika Gmail na Drive kinaendelea kuhesabiwa kikiwa humo. Hukaa siku 30 kabla ya kuondoka chenyewe. Picha zilizohifadhiwa katika Google Photos hukaa siku 60. Muda huo ni nafasi ya kurekebisha kosa, kwa hiyo usiumwage siku hiyohiyo kama hakuna haraka. Subiri wiki moja, waulize wenzako kama kuna kilichokosekana, kisha umwage.

Zoezi la kufuta lenyewe halili bando kubwa. Kinachokula bando ni kupakua. Hivyo pakueni fungu la kwanza tu, na ikiwezekana mfanye hivyo mahali penye intaneti ya malipo ya mwezi.

Mtego wa simu na akaunti

Lipo jambo linalowachanganya wengi. Katika Google Photos kuna amri ya kupata nafasi kwenye kifaa. Amri hiyo huondoa picha katika simu baada ya kuzihifadhi mtandaoni. Simu inapata nafasi, lakini akaunti inabaki imejaa vilevile.

Kinyume chake ndicho cha hatari. Mtu huona picha mahali pawili, katika simu na katika akaunti, akadhani ana nakala mbili. Akiifuta picha iliyohifadhiwa akiwa ndani ya Google Photos, kwa kawaida inaondoka katika akaunti na katika simu pia, kwa kuwa viwili hivyo vimeunganishwa. Nakala ya kweli ni ile iliyo mahali ambapo kufuta kwa huku hakuwezi kufika kule. Ndiyo maana tumesisitiza diski ya nje.

Je, tulipie nafasi zaidi?

Inawezekana kulipia nafasi kubwa, kwa mfano gigabaiti 100, kwa mwezi au kwa mwaka. Kwa kamati yenye kazi nyingi uamuzi huo unaweza kuwa wa busara. Hata hivyo, kamati ijiulize mapema: malipo yatatoka fungu gani mradi ukimalizika? Malipo yakikoma, akaunti inarudi kwenye gigabaiti 15, na kama vilivyomo vimezidi hapo, barua zinaweza kuacha kuingia kama tulivyoeleza. Ni vyema kufanya usafi kwanza, kisha kulipia ikiwa bado kuna haja.

Mapendekezo kwa kamati

Akaunti ya mradi isiwe ya mtu binafsi. Ifunguliwe kwa jina la kamati, na maelezo ya kuifungua yatunzwe na watu wawili walioteuliwa, yakiandikwa katika kumbukumbu za makabidhiano pamoja na mihuri na vitabu vya hesabu. Mafaili ya Drive yaliyo katika akaunti ya katibu anayeondoka yanaweza kuhamishiwa umiliki wa akaunti mpya, na mpokeaji hukubali uhamisho huo. Hilo lifanyike kabla hajaondoka.

Kila robo mwaka, taarifa ya katibu iwe na mstari mmoja zaidi: nafasi iliyotumika ni kiasi gani kati ya 15. Ikifika 12, usafi ufanyike. Kazi ya saa mbili kwa utulivu ni nyepesi kuliko kazi ya usiku kucha wakati mkaguzi amekwisha fika.

Ombi kwa wafadhili

Nanyi wafadhili wetu mnaweza kusaidia. Picha 5 zilizochaguliwa vizuri, kila moja ikiwa na tarehe na maelezo, zinaonyesha hatua ya mradi kuliko picha 60 zisizo na maelezo. Mkiomba video, elezeni urefu wake. Na barua yenu ikirudi kwa maelezo kwamba sanduku la mpokeaji limejaa, tafadhali msiihesabu kuwa ni kimya cha kamati. Pigeni simu. Pengine mtu aliye upande wa pili ana stakabadhi zote mkononi na anasubiri tu kuulizwa.