Picha za Vuli Katika Nchi ya Machakos

Katika nchi za Ulaya wapiga picha huyangojea kwa hamu majira yale ambayo majani ya miti hugeuka rangi, yakawa mekundu na ya manjano kabla ya kupukutika. Machakos haina majira ya namna hiyo. Miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, ambayo huko ni miezi ya nchi kwenda kulala, hapa ni miezi ya nchi kuamka. Mwezi wa Septemba vilima vya Iveti na Mua huwa vikavu, nyasi zina rangi ya ngozi ya simba, na vumbi hupanda nyuma ya kila gari na kila kundi la mbuzi. Kisha, mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, mvua za vuli huanguka, na kabla ya majuma matatu kupita mahali palepale huwa pamefunikwa na majani mabichi.

Kwa sababu hiyo vuli ni majira mema sana kwa mtu mwenye kamera. Tena ni majira ya kujihadhari. Kilima kimoja huwa na nyuso mbili katika muda wa mwezi mmoja, na mtu aonyeshwaye uso mmoja tu aweza kudanganyika, ijapokuwa picha yenyewe haikusema uongo. Watu wa Machakos wana sababu ya kulifikiri jambo hili kuliko wengi, kwa maana picha za nchi yao zimetazamwa na kujadiliwa na wataalamu kwa miaka mingi.

Picha za mwaka 1937

Mwaka 1937 afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, R. O. Barnes, alizunguka katika Ukambani akiwa na kamera, ili aonyeshe jinsi udongo ulivyokuwa ukichukuliwa na maji. Picha zake zilikuwa za kuhuzunisha: miteremko mitupu isiyo na nyasi, mifereji mikubwa iliyochimbwa na mvua, na miti michache iliyosimama peke yake. Katika mwaka huohuo Colin Maher, mtaalamu wa hifadhi ya udongo, aliandika kwamba nchi hiyo ilikuwa ikielekea kuwa jangwa la mawe na mchanga.

Wala hayo hayakuwa maneno matupu, kwa kuwa udongo ulikuwa ukipotea kweli. Walakini picha huonyesha jambo lilivyo, haionyeshi sababu yake. Picha ya mteremko mtupu haikuweza kuonyesha mpaka uliowekwa na serikali, ambao uliwazuia Wakamba wasipeleke ng'ombe wao katika malisho waliyoyatumia zamani. Haikuonyesha ukame na nzige wa miaka iliyotangulia. Serikali ilishika sababu moja tu, kwamba ng'ombe walikuwa wengi kupita kiasi, ikaamua kuwapunguza kwa nguvu.

Hivyo mwaka 1938 ng'ombe zaidi ya 2,500 walikamatwa na kuuzwa kwa mnada. Wakati huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama huko Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Watu wa Machakos hawakunyamaza. Mwezi wa Julai mwaka huo, wanaume, wanawake na watoto zaidi ya elfu moja walikwenda Nairobi, wengi wao kwa miguu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu iliondolewa. Leo barabara moja kubwa ya Nairobi ina jina lake.

Vilima vilevile, mwaka 1991

Miaka zaidi ya hamsini baadaye, wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walizichukua picha zile za zamani wakazitafuta sehemu alizosimama Barnes. Kazi yenyewe si nyepesi. Mtu huishika picha ya zamani mkononi, akaitazama mistari ya vilima inayokutana na mbingu, kisha husogea mbele na nyuma hata mistari hiyo ilingane na ile iliyo mbele ya macho yake. Miti hukua na nyumba hubomoka, lakini mgongo wa mlima haubadiliki katika maisha ya mtu.

Mwaka 1991 mahali hapo palipigwa picha tena. Ilitazamiwa kwamba nchi ingekuwa imeharibika zaidi, maana hesabu ya watu ilikuwa imepanda kutoka 238,000 mwaka 1932 hata 1,393,000 mwaka 1989, yaani karibu mara sita. Mambo yalikuwa kinyume. Miteremko iliyokuwa mitupu ilikuwa imekatwa matuta toka juu hata chini, miti imepandwa kandokando ya mashamba, na mifereji mingi ya mmomonyoko imezibwa. Mwaka 1994 wataalamu hao walitoa kitabu kuhusu jambo hilo, na habari za Machakos zikasomwa katika vyuo vya nchi nyingi.

Matuta hayo yalichimbwa na watu wenyewe. Amri za kikoloni za kuchimba kwa kulazimishwa zilichukiwa, na kazi nyingi ya namna hiyo haikudumu. Lakini vikundi vya mwethya, ambavyo ni desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi kwa zamu, vilichimba shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na wanawake ndio waliokuwa wengi katika vikundi hivyo. Wakulima walipendelea tuta la fanya juu, ambalo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mfereji, hata baada ya miaka michache shamba likawa kama ngazi pana. Kahawa, matunda na mboga za kuuza Nairobi ziliwapa fedha na sababu ya kuutunza udongo.

Hata hivyo picha za mwaka 1991 nazo zilizusha ubishi. Wataalamu wengine walisema kwamba jamaa zilizopata mshahara wa mjini ndizo zilizoweza kulipa vibarua na kununua mbolea, na kwamba maskini waliachwa nyuma, wengine wakahamia nchi kavu za mbali ambazo hazimo katika picha. Hoja hiyo yafaa kukumbukwa. Aliyetazama picha za 1937 bila kuuliza alikosea upande mmoja. Atazamaye zile za 1991 bila kuuliza aweza kukosea upande wa pili.

Wanyama wa nyanda za Kapiti

Habari za wanyama wa porini si za furaha kama zile za udongo. Katika Makueni, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, mwindaji wa serikali J. A. Hunter aliua faru wapatao elfu moja kati ya mwaka 1944 na 1946, ili pori lifyekwe na watu wapate mahali pa kuhamia. Mashamba yapo, watu wamepata chakula, lakini faru hawaonekani tena katika mashamba yale.

Upande wa magharibi, katika nyanda za Athi na Kapiti, wangali wako twiga, punda milia, nyumbu, kongoni, pofu na swala. Tangu zamani wanyama hawa walikuwa na safari yao. Wakati wa kiangazi walikusanyika kwenye maji ya kudumu katika eneo ambalo mwaka 1946 lilifanywa kuwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mvua ziliponyesha walitoka kwenda nyanda za kusini na mashariki kula nyasi fupi zilizochipua. Kwa hiyo picha ya kundi la nyumbu lililopigwa Kapiti mwezi wa Novemba ni zaidi ya pambo la ukutani. Yaonyesha kwamba mwaka ule njia ilikuwa bado wazi. Njia hiyo imezidi kuwa nyembamba kwa sababu ya nyua za waya, viwanda, machimbo ya mawe na nyumba zinazojengwa kando ya barabara ya Mombasa.

Serikali ya Kenya nayo hutumia picha kuhesabu wanyama. Ndege huruka chini kwa mstari ulionyooka, watazamaji huhesabu kila upande, na kundi likiwa kubwa hupigwa picha ili lihesabiwe kwa utulivu mezani. Hesabu hizo, zilizokusanywa katika nchi za malisho za Kenya, zilionyesha kwamba tangu mwaka 1977 hata 2016 wanyama wa porini walipungua kwa kadiri ya asilimia 68. Bila hesabu na picha zile, kila mzee angesema wanyama walikuwa wengi zamani, na kila kijana angekuwa na haki ya kumwuliza, wengi kiasi gani?

Namna ya kupiga picha yenye faida

Kazi hii haihitaji kamera ya thamani. Simu ya mkononi ya karani au ya mkulima yatosha, ikiwa mwenyewe ana taratibu.

Kwanza ni saa. Mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini kabisa katika Machakos, na mchana picha hukosa vivuli. Shamba lenye matuta huonekana kama uwanja uliolala. Lakini tangu jua kuchomoza hata saa tatu asubuhi, na tena toka saa kumi jioni, mwanga huja kwa ubavu. Kila tuta hutupa kivuli chake, na hata mfereji mdogo ulioanza kuchimbwa na maji huonekana wazi. Baada ya mvua ya kwanza vumbi hutua, na asubuhi njema mtu aliye katika nyanda za Kapiti aweza kuuona mlima wa Kilimanjaro.

Pili ni mahali. Yafaa kuchagua mahali pasipohama: mwamba mkubwa, pembe ya ukuta wa shule, au nguzo ya daraja. Mgongo wa kilima lazima uingie katika picha, kwa kuwa huo ndio utakaomwongoza mtu atakayerudi baadaye.

Tatu ni majira. Hapana budi kupiga picha mbili kila mwaka, moja mwishoni mwa Septemba kabla ya mvua, na nyingine mwezi wa Desemba wakati mahindi yamesimama. Picha ya Septemba ya mwaka huu yapaswa kulinganishwa na ya Septemba ya mwaka mwingine. Anayelinganisha Septemba na Desemba aweza kuthibitisha lolote alitakalo. Mahali pazuri pa kuanzia ni mto mkavu. Mchanga wa mito ya Ukambani huhifadhi maji chini yake, na mchanga huo huchukuliwa kwa malori kwenda kujenga nyumba za mjini. Picha ya mto uleule kila Septemba itaonyesha kama mchanga unabaki au unakwisha, wala haitahitaji maneno mengi mbele ya baraza.

Nne ni wanyama na ndege. Mwenye ardhi aombwe ruhusa kwanza. Mnyama asifukuzwe ili akimbie mbele ya kamera. Aliye ndani ya gari na akae ndani ya gari. Asiye na gari ana ndege. Mvua ya kwanza hutoa kumbikumbi ardhini, na nyuma ya kumbikumbi huja tai na korongo weupe. Mbayuwayu nao hufika miezi hiyohiyo, wakiwa wamekimbia baridi ya Ulaya na Asia. Majani yanayopukutika huko na mahindi yanayochipua hapa ni mambo ya majira yaleyale, na ndege hao huyaona yote mawili.

Mwisho ni maandishi. Picha isiyo na tarehe wala jina la mahali haimfai mtu baada ya miaka kumi. Simu huibwa na huvunjika; basi picha moja ya kila mwaka na ichapwe kwenye karatasi, nyuma yake paandikwe siku, saa, mahali ilipopigwa na upande uliotazamwa, kisha iwekwe pamoja na hati za shamba. Kwa kuwa Barnes aliziandika na kuzihifadhi picha zake, watu wa mwaka 1991 waliweza kuona jinsi wazazi wao walivyoiponya nchi. Yeye alikuwa afisa mgeni aliyepita na kamera yake. Mkulima wa Machakos anakaa hapohapo, na vuli humjia kila mwaka.