Utambuzi wa Ngege na Sato kwa Umbo la Mwili na Rangi ya Makinda: Mfano wa Karagwe na Kyerwa

Makala haya yanafafanua vigezo vya umbo na rangi vinavyotumika kutofautisha ngege (Oreochromis esculentus) na sato (Oreochromis niloticus) katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Suala hili lina uzito wa kiuhifadhi. Ngege ni spishi ya asili ya bonde la Ziwa Viktoria, ilhali sato aliingizwa katika ziwa hilo katika miaka ya 1950. Tangu wakati huo ngege ametoweka katika sehemu kubwa ya ziwa kuu, na sasa yumo katika orodha ya spishi zilizo katika hatari kubwa mno ya kutoweka duniani. Masalia yake yamesalia zaidi katika maziwa madogo, likiwemo Ziwa Burigi.

Kigezo cha kwanza ni pezi la mkia. Sato aliyekomaa ana milia myembamba ya wima iliyopangika sawasawa katika pezi zima, ambayo ngege hana. Kigezo cha pili ni kichwa. Ngege ana kichwa kidogo na kinywa chembamba. Aidha, vichujio vya matamvua yake ni vingi na vyembamba, sifa inayoafikiana na ulaji wake wa mimea midogo ielekeayo majini.

Ugumu hujitokeza kwa makinda. Makinda wa spishi zote mbili huwa na mistari ya wima ubavuni pamoja na doa jeusi kwenye sehemu laini ya pezi la mgongoni, lijulikanalo kama alama ya tilapia. Doa hilo hufifia kadiri samaki anavyokua, kwa hiyo kuwepo kwake huonyesha umri zaidi kuliko spishi. Vilevile, milia ya mkia wa sato huwa haijakamilika kwa makinda wadogo sana. Kukosekana kwa milia katika kinda mmoja, basi, si ithibati kwamba ni ngege.

Hali hii inatofautiana na ile ya samaki wa jamii ya Lepisosteidae wa Amerika Kaskazini. Kwao rangi ya kinda husaidia moja kwa moja: kinda wa Atractosteus spatula hutambulika kwa mstari mweupe mgongoni, na mkubwa kwa pua yake fupi na pana.

Kikwazo kingine ni uzao mseto. Vipimo vya jenetiki katika maziwa madogo ya bonde la Viktoria vimeonyesha kwamba sato na ngege huzaliana, na mseto huweza kubeba sifa za wazazi wote wawili. Aidha, sokoni jina "sato" hutumika pengine kwa perege wa aina yoyote, jambo linalodhoofisha takwimu za uvuvi zinazotegemea majina pekee.

Kwa misingi hiyo, utambuzi unaoaminika unapaswa kuunganisha mkia, kichwa na matamvua kwa samaki waliokomaa, na kuthibitishwa kwa vipimo vya jenetiki panapokuwa na shaka. Kwa makinda, hukumu itolewe kwa kundi, si kwa kinda mmoja. Tahadhari hii ni ya lazima zaidi kabla ya vifaranga kupandikizwa kwenye mabwawa yaliyo karibu na Mto Kagera na maziwa yake. Vifaranga vya sato vinavyotoroka bwawani kwa mafuriko havirudishiki, na ngege aliyepotea katika ziwa dogo hana pengine pa kutokea tena.