Ceres: Sayari Ndogo Iliyopotea Ikapatikana kwa Hesabu

Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, kasisi Giuseppe Piazzi alikuwa katika kituo cha kuchunguzia nyota mjini Palermo, kisiwani Sicilia, akiandaa orodha ya nyota na mahali pa kila moja. Desturi yake ilikuwa kuipima nyota ileile kwa siku kadhaa, ili kuondoa makosa. Usiku huo alipima nukta hafifu katika kundi la nyota liitwalo Ng'ombe. Kesho yake aliikuta imesogea. Nyota halisi hazihami upesi namna hiyo. Basi hicho kilikuwa kitu cha karibu zaidi, kinacholizunguka Jua.

Katika barua zake, Piazzi alikitaja kuwa ni nyota yenye mkia. Hata hivyo, alishuku kuwa huenda ni kitu kilicho bora zaidi, kwani hakikuwa na ukungu wowote, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu. Alikifuatia hadi tarehe 11 Februari, kisha maradhi yakamzuia. Baadaye kitu hicho kilielekea upande wa Jua, kikafichwa na mwanga wake. Vipimo vilipochapishwa mwezi Septemba, waliokitafuta hawakukiona.

Ugumu ulikuwa nini? Piazzi alikuwa amekiangalia kwa siku 41 tu, yaani kama sehemu moja katika arobaini ya mzunguko wake mzima. Katika kipande kifupi hivyo, kosa dogo la kipimo huzaa kosa kubwa baada ya miezi kadhaa. Baadhi ya wataalamu walirahisisha kazi kwa kudhani kwamba njia yake ni duara kamili.

Mjerumani Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, hakukubali dhana hiyo. Alijua kwamba njia ya sayari ni duaradufu, na kwamba duaradufu hiyo, pamoja na mahali sayari ilipo juu yake, huelezwa kwa namba sita. Kila kipimo cha angani hutoa pembe mbili. Kwa hiyo vipimo vitatu vilivyochaguliwa vyema hutoa namba sita zinazohitajika. Kwa njia hiyo alitabiri mahali pa kutafuta, mbali na pale walipopataja wengine. Mwezi Desemba 1801, Franz Xaver von Zach alielekeza darubini yake huko, na tarehe 31 alithibitisha kuwa kilichopotea kimepatikana, karibu sana na mahali alipopataja Gauss.

Piazzi alikipa jina la Ceres Ferdinandea. Ceres alikuwa mungu wa kike wa kilimo kwa Warumi, na mlinzi wa Sicilia. Ferdinand alikuwa mfalme wa huko. Jina la mfalme halikukubaliwa katika nchi nyingine, likaachwa.

Ceres husafiri kati ya Mirihi na Mshtarii. Umbali wake wa wastani kutoka Jua ni mara 2.77 ya umbali wa Dunia, yaani kilometa milioni 414 hivi. Mwanafunzi aweza kupata muda wa mzunguko wake kwa kanuni ya Kepler: 2.77 × 2.77 × 2.77 ni 21.25, na kipeuo cha pili cha namba hiyo ni 4.6. Huo ndio muda wenyewe kwa miaka.

Mwaka 1802 ilionekana sayari ndogo ya pili, Pallas, na leo zajulikana kwa maelfu mengi. Ceres, yenye kipenyo cha kilometa 940 hivi, ndiyo kubwa kuliko zote katika ukanda huo. Tangu mwaka 2006 huhesabiwa pia kuwa sayari kibete, na mwaka 2015 chombo cha Marekani kiitwacho Dawn kilianza kuizunguka.

Hesabu ya Gauss yastahili sifa. Lakini lau Piazzi angaliridhika na kipimo cha usiku mmoja, nukta ile ingaliandikwa katika orodha kama nyota, na Gauss asingalikuwa na la kukokotoa.