Je, Wajua? Umati Ule Ulikuwa Wapi, na Lini?

Zipo picha za namna hii katika masanduku ya familia nyingi na katika makabati ya ofisi za nyaraka: maelfu ya vichwa, jukwaa kwa mbali, na nyuma ya karatasi hakuna neno, au lipo neno lisilo kweli. Picha ya umati ikipachikwa tarehe ya uongo, waliosimama juani siku ile wananyang'anywa tendo lao na kubandikwa la wengine. Ndiyo maana inafaa kujua jinsi mahali na siku vinavyotafutwa, kuanzia kivuli cha mlingoti hadi ukingo wa filamu.

Jua na kivuli

• Je, wajua kwamba jijini Dar es Salaam kivuli cha saa sita mchana hubadili upande mara mbili kwa mwaka? Tangu mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini na vivuli huangukia kusini. Miezi iliyobaki mambo huwa kinyume.

• Kwa hiyo sherehe ya Saba Saba na ile ya Uhuru haziwezi kuchanganywa, mradi ujue jukwaa lilitazama upande gani. Saa sita mchana ya 7 Julai, mtu mwenye urefu wa sentimita 170 ana kivuli cha karibu sentimita 95, kimelala kusini. Tarehe 9 Desemba, mtu yuleyule ana kivuli cha karibu sentimita 50 tu, nacho kimelala kaskazini. Tafuta pichani kitu kilichosimama wima, kama mlingoti au nguzo ya goli, ulinganishe urefu wake na kivuli chake.

• Je, wajua kwamba kivuli ndicho kilichotoa saa ya picha maarufu ya baharia akimbusu mwanamke katika Times Square, New York, tarehe 14 Agosti 1945? Aliyeipiga ni Alfred Eisenstaedt, na kwa miongo mingi watu kadhaa walidai kuwa ndio wao pichani. Wanaastronomia Donald Olson, Russell Doescher na Steven Kawaler walikiona kivuli kwenye jengo lililo nyuma, wakatafuta kilichokitupa, wakapata bango la paa la Hoteli Astor. Hesabu yao, iliyochapishwa mwaka 2015, ilitoa saa kumi na moja na dakika 51 jioni. Rais Truman alitangaza ushindi dhidi ya Japani saa moja jioni. Watu wale walikuwa wameanza kushangilia kabla ya tangazo!

Bendera

• Je, wajua kwamba bendera ya Tanganyika hutambulika hata katika picha isiyo na rangi? Mistari yake ililala sambamba na ardhi, ilhali mstari mweusi wa bendera ya Tanzania umekatiza kimshazari. Ile ya kwanza ilipepea tangu Desemba 1961 hadi 1964. Ukiiona, umeshapata kipindi kisichozidi miaka mitatu.

• Bendera ya Zanzibar huru ina muda mfupi zaidi. Bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili ndani yake ilipandishwa 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964. Umati uliokusanyika chini ya bendera hiyo una dirisha la mwezi mmoja na siku chache.

• Lakini tahadhari na rangi nyeusi! Mabamba na filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1920 hazikuhisi rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka kama nyeusi, na buluu ilipauka mpaka ikakaribia nyeupe. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar inaweza kuonekana nyeusi tii katika picha ya mwaka 1890, na mtu akadhani ni ya taifa jingine.

Majengo

• Je, wajua kwamba Beit al-Ajaib ya Unguja ni kalenda ya picha? Jumba lilijengwa mwaka 1883, enzi ya Sultani Barghash. Zamani mnara ulisimama peke yake mbele ya majumba ya Sultani, ukabomolewa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita iliyokwisha chini ya dakika 45. Baada ya hapo mnara wa saa ulijengwa ukiwa sehemu ya jumba lenyewe. Basi umati wa Forodhani ukiwa na mnara uliojitenga ni wa kabla ya siku hiyo. Mnara ukiwa juu ya jumba, ni wa baadaye. Na tangu sehemu ya jumba ilipoporomoka, tarehe 25 Desemba 2020, kalenda imeongezewa ukurasa.

• Dar es Salaam, angalia Sanamu ya Askari. Ilizinduliwa mwaka 1927. Kabla yake mahali pale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa na Waingereza mwaka 1916. Ukiona Wissmann, picha ni ya kabla ya kuondolewa huko. Ukiona mahali patupu, huenda uko kati ya 1916 na 1927.

• Nairobi, tafuta mnara wa mviringo wa jumba la mikutano la KICC. Ujenzi ulianza mwaka 1967 na jumba likafunguliwa 1973. Mnara ukionekana nusu, umeshaipata miaka.

• Umati wa Kariakoo, Dar es Salaam, wenye paa za zege zilizochanua kama miavuli ni wa tangu miaka ya 1970. Soko hilo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975.

Maandishi yanayopotosha

• Je, wajua kwamba neno "Mnazi Mmoja" nyuma ya picha halitoshi? Dar es Salaam kuna viwanja vya Mnazi Mmoja, na Unguja pia kuna Mnazi Mmoja. Sehemu zote mbili zimekusanya umati wa siasa na wa sikukuu. Vivyo hivyo Majengo: Mombasa ipo, Nairobi ipo, Moshi ipo. Jina la mtaa bila jina la mji ni nusu ya jibu.

• Jina la barabara, kwa upande mwingine, hubeba enzi yake. Barabara ya Samora ya Dar es Salaam iliitwa Unter den Akazien wakati wa Wajerumani, kisha Acacia Avenue wakati wa Waingereza, kisha Independence Avenue. Majina ya miji nayo ni hivyohivyo: huko Kongo, Elisabethville ikawa Lubumbashi na Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966.

• Bango nalo lisomwe kwa makini. Picha mashuhuri ya Mwalimu Nyerere akiwa amebebwa juu, pamoja na bango linalodai uhuru kamili mwaka 1961, huwekwa kila Desemba kana kwamba ni ya siku ya Uhuru. Ni ya Machi 1961. Wanaodai jambo hawajalipata bado, na furaha ile ilikuwa ya safari, si ya kufika.

• Kosa la siku moja pia ni kosa. Picha ya Robert Lebeck ya mtu aliyeupora upanga wa Mfalme Baudouin wa Ubelgiji katikati ya umati wa Léopoldville mara nyingi hutajwa kuwa ya siku ya uhuru wa Kongo, 30 Juni 1960. Ilipigwa siku moja kabla, tarehe 29, mfalme alipowasili.

• Je, wajua kwamba picha ya Viktor Bulla ya umati ukikimbia risasi kwenye barabara ya Nevsky, Petrograd, mara nyingi huitwa ya Mapinduzi ya Oktoba? Ilipigwa Julai 1917: tarehe 4 kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, tarehe 17 kwa kalenda yetu. Urusi ilibadili kalenda mwaka 1918, na siku iliyofuata 31 Januari ikawa 14 Februari.

Kioo, karatasi na filamu

• Je, wajua kwamba picha za daguerreotype, mbinu ya mwanzoni ya kupiga picha, kwa kawaida zilitoka zimegeuzwa kama kwenye kioo? Miongoni mwa picha za umati za mwanzo kabisa ni ile ya William Kilburn, ya mkutano wa Wachartisti, vuguvugu la kudai haki ya kura, huko Kennington Common, London, 10 Aprili 1848. Kabla ya kutafuta mtaa, hakikisha kushoto ni kushoto: soma maandishi ya maduka, tazama vifungo vya makoti.

• Mtaa mtupu si lazima uwe mtupu. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, iliyojaa watu na magari ya farasi. Kwa kuwa kamera ilihitaji dakika kadhaa, waliotembea wote walifutika. Aliyebaki wazi ni mtu aliyesimama akisafishiwa viatu.

• Ukingo wa filamu huzungumza. Tangu mwaka 1916 Kodak iliweka kwenye filamu za sinema alama kama duara, mraba na pembetatu kuonyesha mwaka wa kutengenezwa. Alama zilirudiwa kila baada ya miaka 20, hivyo zinahitaji ushahidi wa pili.

• Tarehe iliyochapwa kwenye ukingo mweupe wa picha ya rangi ni ya kusafishwa, si ya kupigwa. Filamu iliweza kukaa ndani ya kamera miezi mingi.

Mtu mmoja kati ya maelfu

• Je, wajua kwamba uso wa Abraham Lincoln ulikaa ndani ya picha ya umati wa Gettysburg karibu miaka 90 bila kutambuliwa? Picha ni ya 19 Novemba 1863. Mwaka 1952 Josephine Cobb, wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, alikuza bamba la kioo akamwona, saa tatu hivi kabla ya hotuba yake.

• Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iligundua mabamba matatu ya kuapishwa kwa Lincoln, 4 Machi 1865, yaliyokuwa yameandikwa matukio mengine. Kilichomwamsha mtunza picha Carol Johnson ni jina la Lincoln lenye alama ya kuuliza, pembeni mwa daftari la zamani.

• Mahali na tarehe vikijulikana, jina bado linaweza kubishaniwa. Kuna mtu mmoja asiyeinua mkono kati ya wanaomsalimu Hitler katika karakana ya meli ya Blohm & Voss, Hamburg, 13 Juni 1936. Siku na mahali vinajulikana. Mtu mwenyewe, familia mbili zinasema ni wao.

Kazi iliyo mikononi mwako

• Usikate kingo za picha, na usiibandue kwenye kadi yake kwa nguvu. Andika nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino. Ukiipiga kwa simu, piga pande zote mbili, maana muhuri wa studio una thamani sawa na nyuso.

• Ukimwonyesha babu au bibi, usimtajie mwaka. Muulize alisimama wapi, nyuma ya mpigapicha palikuwa na nini, na nani alikuwa anauza nini kando ya uwanja. Tarehe uliyoitaja wewe atairudisha kwako kama kumbukumbu yake.

• Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na zinaonekana mtandaoni? Maelezo ya picha nyingi za zamani yaliandikwa na wageni waliopita njia. Anayeujua mwembe uliokuwa kona ya soko, au msikiti uliovunjwa kupisha barabara, ni mkaazi wa pale. Ukiona kosa, waandikie wahifadhi, taja alama uliyoiona na eleza inathibitisha nini. Wahifadhi makini hurekebisha.